Karo, mabwawa, matete au mtambo wa gesi: kuchagua njia ya kutibu majitaka ya kijiji kidogo

Kijiji kisicho na maji ya bomba hakisumbuliwi sana na majitaka. Watu hutumia vyoo vya shimo, maji ya kuogea humwagwa nyuma ya nyumba yakanywewa na udongo, na vyombo huoshwa kwa maji machache. Hali hubadilika pale mradi wa maji unapokamilika. Shule ya sekondari ya bweni hujenga vyoo vya kumwaga maji, kituo cha afya hupata wodi ya wazazi yenye mabafu, nyumba za walimu huingiziwa maji ndani, na mtu mmoja pale senta hufungua nyumba ya kulala wageni. Haupiti muda mrefu kabla ya maji yaleyale yaliyopokewa kwa vigelegele kuanza kutiririka kwenye mtaro kuelekea kisima cha watu wa bondeni. Hapo ndipo kamati huitisha kikao, na kila mjumbe huja na jibu aliloliona mahali pengine.

Makala haya yanalinganisha njia nne ambazo vijiji na shule za Tanzania huweza kuzijenga bila kutegemea umeme: karo lenye shimo la kunyonya maji, mabwawa ya majitaka, ardhioevu ya kujengwa inayopandwa matete, na tangi la vizuizi linaloambatana na mtambo wa bayogesi. Mitambo ya kupuliza hewa kwa umeme nimeiacha kwa makusudi, kwa sababu vijidudu vyake huanza kufa umeme ukikatika kwa muda mrefu, na pampu yake ikiungua kijiji kidogo hubaki na kasha la chuma lililojaa uchafu.

Ili ulinganisho uwe wa haki, nitatumia mfano mmoja kwa njia zote nne. Tuchukue shule ya bweni pamoja na nyumba za walimu wake, jumla ya watu 400, kila mmoja akitumia lita 50 za maji kwa siku, na lita 40 kati ya hizo zikirudi kama majitaka. Hizo ni mita 16 za ujazo kila siku. Hesabu zote zitakazofuata ni makadirio ya kumsaidia msomaji kuona ukubwa wa kazi. Mhandisi atakayekuja kwenu atapima upya.

Mambo ya kupima kabla ya kuchagua

La kwanza ni kiasi cha maji. Kama watu wanapata chini ya lita 30 kwa siku, mabomba ya majitaka yataziba, na ni heri kubaki na choo bora cha shimo. Tena kuna jambo ambalo wengi hulisahau: majitaka ya kijijini ni mazito kuliko ya mjini. Uchafu unaooza hupimwa kwa BOD, yaani kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu hutumia kuuozesha. Tukikadiria kwamba mtu mmoja hutoa gramu 35 za BOD kwa siku, anazitoa hizo awe na maji mengi au machache. Kwa watu wetu 400 ni kilo 14, na zikiyeyushwa katika mita 16 za ujazo tunapata miligramu 875 kwa kila lita. Kiwango kinachoruhusiwa Tanzania kwa maji yanayomwagwa kwenye mazingira ni miligramu 30. Kwa hiyo mchoro ulionakiliwa kutoka kwenye hoteli ya mjini, ambako mgeni mmoja humwaga maji bila kuyahesabu, hautaifaa shule ya kijijini hata kama idadi ya watu ni ileile.

La pili ni udongo na kina cha maji ya chini ya ardhi. Kipimo chake hakihitaji maabara. Chimbeni kishimo cha sentimita 30 kwenye kina ambacho maji yatanyonywa, kijazeni maji jioni ili udongo ulowe usiku kucha, kisha asubuhi kijazeni tena na kupima kwa rula maji yanashuka kwa kasi gani. Fanyeni hivyo katika sehemu kadhaa za kiwanja, na ikiwezekana mrudie wakati wa masika, kwa sababu kiangazi hudanganya: mahali panapomeza maji mwezi wa tisa panaweza kuwa dimbwi mwezi wa nne.

La tatu ni ardhi, ukubwa wake na mteremko wake. La nne ni mwisho wa maji, iwe ni kuzama ardhini, kwenda mtoni au kumwagilia shamba. Kumwaga kwenye mto au korongo kunahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde husika, na ni vyema kuiuliza NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira, mapema kuhusu tathmini ya mazingira badala ya kusubiri hadi zege limekauka.

La tano ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote, nalo ni tope. Hakuna njia ya kutibu majitaka isiyobakiza tope. Zinatofautiana tu katika mahali linapojificha, muda linaochukua kujaa, na jasho linalohitajika kulitoa. Katika vikao vingi nilivyohudhuria, mchoro hujadiliwa kwa saa tatu na tope halitajwi hata mara moja. Kikao kikifikia mahali pa kupiga kura, mjumbe mmoja na asimame aulize: tope litatolewa lini, na nani, kwa chombo gani, na litapelekwa wapi? Tena iandikwe kwenye muhtasari kwamba hakuna mtu atakayeshushwa ndani ya karo au tangi kulichota kwa ndoo. Hewa ya humo huua kwa dakika chache, na mara nyingi humuua pia yule anayeingia kumwokoa wa kwanza.

Halafu kuna mtu wa kuangalia. Kila njia inahitaji mtu mwenye jina, mwenye posho, mwenye buti na glavu, ambaye kazi hiyo ni yake. Chombo cha watumia maji cha jamii kinachosimamiwa na RUWASA, wakala wa maji vijijini, kina uzoefu wa kumlipa fundi wa bomba, ila mara chache kimewahi kumlipa mtu wa majitaka, na bei ya ndoo ya maji kwa kawaida haikukadiriwa kwa ajili hiyo.

Karo na shimo la kunyonya maji

*Linavyofanya kazi.* Karo ni tangi la chini ya ardhi, kwa kawaida lenye vyumba viwili. Vitu vizito huzama, mafuta na povu huelea, na maji ya katikati hutoka kupitia bomba la umbo la T kwenda kwenye shimo linalonywesha udongo. Karo lenyewe huondoa theluthi hadi nusu ya BOD tu na haliui vimelea vya magonjwa kwa kiasi cha kutegemewa. Kazi iliyobaki hufanywa na udongo, na ndiyo maana udongo usiofaa hauwezi kufidiwa na karo zuri.

*Ujenzi na ardhi.* Kwa shule yetu, maji ya siku moja yanahitaji mita 16 za ujazo. Tope hujikusanya kwa takriban lita 40 kwa mtu kwa mwaka, yaani mita nyingine 16 kila mwaka. Tukiamua kulitoa kila baada ya miaka miwili, tangi linapaswa kuwa la mita 48, na theluthi mbili zake ni nyumba ya tope. Fundi akileta karo la mita 16 kwa watu 400 kwa sababu ndilo lililoangukia kwenye bajeti, basi amejenga tangi litakalojaa tope kabla mwaka haujaisha.

Tatizo kubwa zaidi liko mbele ya karo. Udongo wa kichanga wenye tifutifu hunywa takriban lita 25 kwa siku kwa kila mita ya mraba ya ukuta wa shimo. Shimo lenye upana wa mita 2.5 na ukuta wa kunyonya wa mita 3 lina mita za mraba zisizofika 24, hivyo litapokea chini ya lita 600 kwa siku. Ili kumeza lita 16,000 shule itahitaji mashimo kama 27. Nyumba moja ya watu sita inayotoa lita 240, kwa upande wake, inatoshwa na shimo moja na nafasi ikabaki. Hesabu hiyo fupi ndiyo inayoeleza kwa nini karo lile lile linalomtumikia mwalimu mkuu nyumbani kwake kwa miaka mingi bila malalamiko huifedhehesha shule yake ndani ya muhula mmoja.

*Uangalizi na tope.* Kila mwaka mtu achukue fimbo ndefu, aivalishe taulo jeupe sehemu ya chini, aishushe taratibu hadi sakafuni kupitia mfuniko, aiache kwa dakika chache kisha aitoe. Taulo litaonyesha wazi mahali weusi wa tope ulipoishia. Tope likifika theluthi ya kina, ni wakati wa kuita gari la kunyonya. Swali ni kama gari lipo. Mara nyingi liko mjini makao makuu ya wilaya, na barabara ya kuja kwenu haipitiki nusu ya mwaka. Tena gari likinyonya, lazima liwe na mahali halali pa kumwaga, la sivyo tope la shule litaishia porini kwenye kijiji cha jirani.

*Maji yanayotoka.* Hayaonekani tena, na hayafai kutumika kwa lolote. Shimo la kunyonya liwe angalau mita 30 kutoka kwenye kisima na upande wa chini yake, na sakafu yake isikaribie maji ya chini ya ardhi.

*Linawafaa* wenye nyumba zilizotawanyika, zahanati ndogo isiyolaza wagonjwa, na ofisi ya kijiji, kwenye udongo unaonywa na mahali ambapo maji ya chini yako mbali. Haliwafai watu wengi waliokusanyika pamoja, wala udongo wa mfinyanzi mweusi wa mbugani.

Mabwawa ya majitaka

*Yanavyofanya kazi.* Hii ndiyo njia ambayo miji mingi ya Afrika Mashariki imeitegemea kwa miongo. Dar es Salaam ina mabwawa ya Vingunguti, Dodoma ina ya Swaswa, Moshi ina ya Mabogini ambako maji yanayotoka huishia kwenye mashamba ya mpunga, na Nairobi ina mabwawa makubwa ya Dandora. Majitaka hupita katika bwawa la kwanza lenye kina cha mita 2 hadi 5, ambamo uchafu huoza bila hewa. Kisha katika bwawa pana lenye kina cha mita 1.5 hivi, ambamo mwani wa kijani hutengeneza oksijeni kwa nguvu ya jua. Halafu katika mabwawa ya kukomaza yenye kina kifupi, ambamo mwanga na muda huua vimelea. Hakuna mashine hata moja. Jua letu, ambalo nchi za baridi hazina, ndilo linalofanya kazi bure.

*Ujenzi na ardhi.* Kwenye eneo ambalo joto la maji halishuki chini ya nyuzi 20, shule yetu ingehitaji bwawa la kwanza la mita 50 za ujazo hivi, bwawa pana la mita za mraba 220 hivi, na mabwawa mawili ya kukomaza. Ukiongeza tuta, njia na uzio, tengeni nusu ekari. Gharama kubwa ni kuchimba, na hapo nguvu za wananchi huweza kuchangia kweli. Kama udongo ni mfinyanzi, sakafu hushindiliwa na kuzuia maji yenyewe; kama ni kichanga, mtanunua plastiki nzito ya kutandika, na bei itapanda sana. Mabwawa yawe mbali na makazi, ikiwezekana mita 500, na upande ambao upepo hauvumi kuelekea mabwenini.

*Uangalizi na tope.* Kazi ya kila wiki ni fyekeo na chepeo. Majani yanayoota ukingoni huzaa mbu na kuwapa makazi konokono wa kichocho, kwa hiyo ukingo ujengewe mawe au zege pale maji yanapogusa tuta, na povu la juu liondolewe. Uzio ni lazima. Bwawa la kijani kibichi lililotulia humvutia mtoto kama uwanja, na tuta lake lenye utelezi halimpi mahali pa kushika. Faida kubwa ya mabwawa iko kwenye tope. Bwawa la kwanza hutolewa tope kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, lakini bwawa pana linaweza kukaa zaidi ya miaka kumi. Tena tope lake hutolewa juu ya ardhi, mchana, kwa kukausha bwawa na kuingia kwa koleo na trekta, bila kuhitaji gari la kunyonya. Kwa hiyo jengeni mabwawa ya kwanza mawili sambamba, ili moja lifanye kazi wakati jingine linakauka.

*Maji yanayotoka.* Kwa kuua vimelea, hakuna njia kati ya hizi nne inayoyashinda mabwawa. Maji yanayokaa humo zaidi ya wiki tatu huacha mayai ya minyoo chini, na yakipita kwenye mabwawa ya kukomaza yaliyopimwa vizuri huweza kufaa kwa kumwagilia. Hata hivyo hutoka na rangi ya kijani kwa sababu ya mwani, na kipimo cha BOD huweza kuzidi kiwango kwa sababu hiyohiyo. Katika mikoa mikavu, mvuke nao huchukua sehemu yake: eneo la maji la mita za mraba 450 likipoteza milimita 5 kwa siku, zaidi ya mita 2 za ujazo huenda angani kila siku.

*Yanawafaa* wenye ardhi ya kutosha na ya bei ndogo, mteremko mdogo, mfinyanzi chini, na shamba la kumwagilia. Hayawafai walio kwenye miteremko mikali ya Uluguru au Usambara, wala kijiji ambacho kila kipande cha ardhi kina migomba ya mtu.

Ardhioevu ya kujengwa

*Inavyofanya kazi.* Majitaka hupita kwanza kwenye karo, kisha huingia kwenye kitanda cha kokoto chenye kina cha sentimita 60 kilichopandwa matete au mafunjo. Maji hutembea chini ya uso wa kokoto, hayaonekani, na vijidudu vinavyokaa kwenye kokoto na mizizi hula uchafu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefanya utafiti wa muda mrefu kuhusu njia hii, na mifumo imejengwa Iringa katika Shule ya Sekondari Ruaha na Chuo cha Ualimu Kleruu. Jijini Nairobi, ardhioevu kama hiyo ilijengwa mwaka 1994 kutibu majitaka ya mgahawa wa Carnivore.

*Ujenzi na ardhi.* Kwa hali yetu ya joto, wabunifu hukadiria mita 1 hadi 2 za mraba kwa mtu. Kwa kuwa majitaka ya shule yetu ni mazito, ningechukua 2, yaani mita za mraba 800. Watu husikia "matete" wakadhani ni kazi ya bure. Si hivyo. Kitanda hicho kinataka mita 480 za ujazo za kokoto zilizooshwa, sawa na safari karibu 70 za lori la mita 7. Kama machimbo yako kilomita tano kutoka kijijini, njia hii ni nafuu. Kama kokoto inatoka wilaya nyingine, itakuwa ghali kuliko zote. Kokoto ikiletwa na vumbi lake bila kuoshwa, kitanda kitaziba mapema.

*Uangalizi na tope.* Matete hukatwa mara moja au mbili kwa mwaka, magugu hung'olewa, na urefu wa maji hurekebishwa kwa bomba la kupinda lililo kwenye chemba ya mwisho. Kazi hiyo ni ya mkulima yeyote mwangalifu. Ila kitanda hiki hakisamehe kosa la karo. Niliwahi kufunua mfuniko wa chemba iliyo kati ya karo na matete katika shule moja ya wasichana. Ndani mlikuwa na magunzi, vipande vya kanga, pedi, na ukoko wa ugali ulioganda kama saruji, na upande wa pili maji meusi yalikuwa yamepanda juu ya kokoto, kwenye mita za mwanzo za kitanda. Matete yalikuwa marefu na mabichi kuliko mahali popote pale shuleni, na wageni waliyapiga picha. Karo lilikuwa halijatolewa tope tangu lijengwe, na wasichana hawakuwa na mahali pengine pa kutupa pedi. Kilichohitajika kabla ya yote kilikuwa pipa lenye mfuniko katika kila choo na kichomea taka nyuma ya bweni, pamoja na mtego wa mafuta na makombo kwenye bomba la jikoni.

*Maji yanayotoka.* Ni meupe, hayana harufu kali, na hutoka yakiwa bora kuliko ya bwawa kwa macho na kwa BOD. Vimelea hupungua lakini havifiki kiwango cha mabwawa ya kukomaza. Yanafaa kwa miti ya matunda, migomba, na malisho ya kukata, lakini si mchicha unaoliwa kesho yake.

*Inawafaa* shule, vyuo na vituo vya afya vilivyo karibu na makazi, kwa sababu haina maji ya wazi, haizai mbu, na mtoto hawezi kuzama. Haiwafai wasioweza kuahidi kwamba karo litatolewa tope kwa wakati.

Tangi la vizuizi na bayogesi

*Linavyofanya kazi.* Hapa majitaka ya vyooni huingia kwenye kuba la chini ya ardhi linalokusanya gesi, kisha hupita kwenye tangi lenye kuta kadhaa zinazoyalazimisha kushuka na kupanda, kila mara yakipenya kwenye tope lenye vijidudu. Taasisi ya CAMARTEC ya Arusha imejenga na kueneza mitambo ya kuba tangu miaka ya 1980, na nchini Rwanda, taasisi ya KIST ya Kigali ilishinda tuzo ya Ashden mwaka 2005 kwa mitambo yake ya bayogesi katika magereza.

*Ujenzi na ardhi.* Hii ndiyo njia inayobana nafasi kuliko zote. Mita za mraba 100 zinaweza kutosha, na juu yake watoto wakacheza. Lakini inadai fundi aliyefunzwa. Ukuta mmoja ukikosea kimo kwa sentimita chache, maji huchagua njia fupi na vyumba vingine hubaki bila kazi. Kuba likiwa na ufa mdogo, gesi yote huvuja. Kwenye bajeti, malipo ya msimamizi yasikatwe.

*Uangalizi na tope.* Tope hujikusanya polepole, lakini bado hutolewa kila baada ya miaka michache, na linahitaji pampu au gari. Gesi nayo ina uangalizi wake: maji yaliyojikusanya kwenye bomba yaondolewe, na vali na jiko vikaguliwe.

*Maji yanayotoka na gesi.* Tangi lililojengwa vizuri huondoa BOD zaidi ya karo la kawaida, ila maji bado yana vimelea vingi, hivyo yanahitaji kitanda kidogo cha matete au bwawa mbele yake. Kuhusu gesi, ni haki watu waambiwe ukweli. Kinyesi cha mtu mmoja hutoa lita 20 hadi 30 za gesi kwa siku, hivyo watu 400 wanaweza kutoa mita 10 hivi za ujazo, sawa na kilo 50 za kuni kwa makadirio ya juu. Jiko la shule ya bweni huteketeza kuni nyingi zaidi ya hizo. Gesi itachemsha uji na chai, na itampunguzia mpishi moshi wa asubuhi, lakini kuni za maharage bado zitahitajika. Samadi ya ng'ombe wa shule ikiongezwa, hesabu hubadilika sana.

*Linawafaa* taasisi zenye watu wengi mahali padogo, zenye jiko kubwa na mifugo, na zenye uongozi unaodumu. Ningesita kulipendekeza kwa mtaa wa nyumba za watu binafsi, kwa sababu gesi ya wote huwa haina mwenyewe.

Kwa hali yenu

Kama nyumba zenu zimetawanyika na udongo unanywa, kila nyumba ijenge karo lake dogo, na kijiji kitumie fedha za pamoja kukodi gari la kunyonya kwa ziara moja ya kiangazi inayozunguka nyumba zote. Gharama ya safari ikigawanywa kwa nyumba ishirini huwa nyepesi.

Kama ni shule ya bweni yenye shamba kubwa tambarare, na mjini ni mbali kiasi kwamba gari halitafika, mabwawa yana nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa tope lake linatolewa kwa mikono yenu. Shule hiyohiyo ikiwa imebanwa na makazi, lakini ina kokoto karibu na barabara inayopitika, matete yatafaa zaidi. Ikiwa haina ardhi kabisa ila ina zizi la ng'ombe na mkuu wa shule anayefuatilia, tangi la vizuizi lenye kuba linastahili kufikiriwa, pamoja na kitanda kidogo cha matete mbele yake.

Kituo cha afya kinachotumia klorini nyingi kiangalie jinsi dawa hizo zinavyomwagwa, maana zikiingia kwa wingi kwenye karo huua vijidudu vinavyofanya kazi. Kwa kituo cha namna hiyo ningechagua karo kubwa na matete, na shimo la kondo la nyuma libaki peke yake bila kuunganishwa na mfumo huu.

Kama maji ya chini yako karibu na uso, kama ilivyo sehemu nyingi za pwani na visiwani, msichimbe shimo la kunyonya kwa njia yoyote. Jengeni kitanda cha matete kilichoinuliwa juu ya ardhi na kutandikwa plastiki, hata kama majitaka yatalazimika kusukumwa kwa pampu ndogo.

Na kama baada ya majadiliano yote hakuna aliyeweza kujibu tope litatolewa na nani, basi vyoo vya kumwaga maji visubiri kidogo. Fedha hizo zijenge vyoo bora vyenye slabu za zege, bomba la hewa lenye wavu wa nzi, na mashimo mawili ya kupokezana: moja likijaa hufunikwa na kuachwa miaka miwili wakati jingine linatumika, na likifunguliwa, kilichomo kimekuwa udongo mkavu unaochoteka kwa koleo na kuzikwa chini ya mche wa mwembe.